Naomba ushauri: gauni la kitenge kwa mama aliyeongezeka tumbo

Mafundi wenzangu wa Mtwara na Lindi, naombeni ushauri. Mteja ni mama wa makamo. Tumbo na kifua vimeongezeka, mabega bado membamba. Kitenge chake ni cha bluu iliyokoza, maua makubwa ya manjano. Mshono wa kiunoni utakata tumbo katikati na pindo la mbele litapanda, kwa hiyo nimeupandisha hadi chini ya matiti na kuongeza inchi 2 za urefu mbele tu. Ua zima lisiangukie tumboni, hilo nimelipanga. Kinachonisumbua ni mbavuni: niweke vipande vya bluu tupu kuanzia kwapani hadi pindoni, au vitaonekana kama sare? Na bitana ya pamba, kwa joto letu hili, iishie wapi?