Nimekatwa bima ya mkopo mara mbili na sikuambiwa ukweli, naweza kudai hela yangu?

MamaKulwa_Mwaloni
Habari za jioni wapendwa, naombeni msaada wa mawazo. Mimi ni mfanyabiashara wa dagaa hapa Mwaloni Kirumba, Mwanza, nachukua mzigo visiwani nauza kwa magunia kwa wateja wanaosafirisha. Mwaka juzi nilikopa benki moja hapa mjini, jina naliacha, milioni 10 miezi 24. Siku ya kusaini afisa aliniwekea alama za penseli kila sehemu ya sahihi, karatasi kama nane hivi, nikasaini zote nimesimama kaunta maana nyuma yangu kuna watu na mimi gari la mzigo linanisubiri.

Hela ilipoingia nikaona imepungua, 150,000 ada ya mkopo na 180,000 imeandikwa bima. Nikauliza hii ya nini, akaniambia mama hii ni lazima na ni kwa faida yako, ukiumwa au biashara ikiyumba bima inakulipia marejesho. Nikaridhika kabisa nikaondoka.

Mwezi wa 11 wa mkopo nikaomba topapu, yaani mkopo mpya mkubwa unaomaliza ule wa zamani. Wakanipa milioni 15 miezi 36, wakakata deni la zamani lililobaki 6,100,000, ada 225,000 na bima tena 405,000, nikapata mkononi 8,270,000. Sasa masika iliyopita nikafanyiwa upasuaji wa kidole tumbo, wiki tatu sijakanyaga Mwaloni, na ilikuwa mbalamwezi karabai haziingii ziwani kwa hiyo hata kijana wangu hakuwa na cha kuuza. Nikamtuma mdogo wangu benki na karatasi za hospitali akaulizie bima ilipe rejesho la mwezi ule. Akajibiwa bima hiyo ni ya kifo na ulemavu wa kudumu tu, kuumwa haimo. Rejesho nikalipa kwa kuuza magunia kwa bei ya hasara na faini juu.

Binamu yangu aliyewahi kuishi Uingereza anasema kule watu walirudishiwa hela za bima za namna hii. Je huku inawezekana au ndio imeliwa?

Masanja_wa_Igoma
Pole sana mama Kulwa na pole kwa upasuaji. Nimekuwa afisa mikopo miaka sita kabla sijaacha, na nakiri kwamba hayo maneno ya "ukiumwa bima inalipa" hata mimi nimewahi kumwambia mteja, sio kwa ubaya, nilidhani ndivyo ilivyo kwa sababu hakuna aliyewahi kunikalisha anisomeshe ile polisi, yaani mkataba wa bima. Tulipewa malengo ya mikopo tu. Leo najutia maana najua kuna mtu aliyaamini kama ulivyoamini wewe.

Nikutenganishie mambo yako maana yako mawili na kila moja lina njia yake. La kwanza ni hiyo ya kuambiwa inalipa ukiumwa. Benki inaweza kudai mkopo uwe na bima, hilo sibishani nalo, ila haitakiwi kukuuzia kwa maelezo ya uongo. Bima sio ya benki, ni ya kampuni ya bima, benki ni wakala na anapata kamisheni hapo. Kwa hiyo andika barua uombe nakala ya cheti cha bima na masharti yake, jina la kampuni litakuwa pale, uone kwa macho yako inalipa nini.

La pili ndilo lenye hela ya uhakika zaidi kwa mtazamo wangu, na watu wengi wa topapu hawalijui. Ulilipia bima ya miezi 24 kwa mkupuo mmoja. Mkopo ule ulikufa mwezi wa 11, hivyo miezi 13 iliyobaki bima ilikuwa inalinda deni ambalo halipo. Uliza kama polisi ya kwanza ilifutwa na kama masharti yake yanarudisha sehemu ambayo haijatumika. Kwa hesabu rahisi ya miezi ni 180,000 mara 13 gawanya kwa 24, unapata 97,500. Lakini usiende na hiyo namba ukang'ang'ania, kwa sababu deni linashuka kila mwezi na bima nayo inashuka, miezi ya mwanzo ndiyo inakula zaidi. Kuna hesabu ya kujumlisha namba za miezi, 1 mpaka 24 jumla yake ni 300, na 1 mpaka 13 ni 91, ukichukua 180,000 mara 91 gawanya kwa 300 inakuja 54,600. Wakikupa kitu kati ya hapo hawajakudhulumu sana, wakikuambia hakuna kitu wakuonyeshe kifungu kinachosema hivyo.

Bwana_Hesabu
Dada umesaini mwenyewe, mkataba ni mkataba. Sidhani kama utapata kitu, bora uangalie mbele.

NyegeziKona
@Bwana_Hesabu kaka hilo la "umesaini" ndilo walilojibiwa Waingereza miaka mingi na mwisho likaanguka, naomba nieleze kidogo maana nimeishi kule na nilikuwa na kadi yenye hiyo kitu.

Kule iliitwa PPI, bima ya kulinda malipo. Ilibandikwa kwenye mikopo, kadi za benki, mikopo ya nyumba, ilitakiwa ikulipie ukipoteza kazi, ukiumwa au ukipata ajali. Shida ikawa waliuziwa watu ambao kamwe wasingeweza kudai. Mtu amejiajiri anauziwa bima ya kuachishwa kazi, mstaafu anauziwa, mwenye ugonjwa wa zamani anauziwa wakati masharti yanamkataa. Wengine waliambiwa bila bima hupati mkopo, wengine hawakujua kabisa kama wanayo. Zaidi ya pauni bilioni 38 zilirudishwa kwa wateja kuanzia 2011, na hiyo ni baada ya mabenki kwenda mahakamani kupinga na kushindwa mwaka huo huo.

Kuna kesi moja naipenda sana, ya Plevin dhidi ya Paragon, Mahakama ya Juu 2014. Mama mjane, mhadhiri wa chuo, alikopa pauni 34,000 akabebeshwa bima ya 5,780 ambayo nayo iliongezwa kwenye deni. Mkopo wa miaka kumi, bima ya miaka mitano! Na katika hiyo bima 71.8% ilikuwa kamisheni za madalali na mkopeshaji, hakuambiwa. Mahakama ikasema kumficha mtu kamisheni kubwa namna hiyo ni kutomtendea haki. Alikuwa amesaini naye.

Ila mama Kulwa nikuambie ukweli usije ukapotea, zile ni sheria za kule, haziji Mwanza. Na hata kule dirisha lilifungwa tarehe 29 Agosti 2019. Kwa hiyo binamu yako kama ana stetimenti za zamani akapigiwa simu na mtu anayesema tuma kwanza hela nikufuatilie PPI yako, akate simu. Kampuni za kudai kwa niaba ya watu zilikula sana, mpaka 2018 ikabidi sheria iwawekee kikomo cha 20% ya hela inayorudishwa, wakati mtu angeweza kuandika barua mwenyewe bure. Na huku kwetu nao wapo, wanajiita washauri. Usimpe mtu hata elfu kumi.

Cha kuchukua kule ni namna walivyouliza. Niliambiwa nini? Nilipewa karatasi gani? Je hii bima ingeweza kunilipa mimi na kazi yangu hii? Mtu wa dagaa hana barua ya kuachishwa kazi, ana mbalamwezi.

Mwana_Sengerema
Naomba niseme upande mwingine maana nimesoma nikaumia. Kaka yetu alikuwa na mkopo wa mashine ya mtumbwi, akafariki kwa ajali ya pikipiki njia ya Misungwi. Msiba ukaisha, benki wanapiga simu rejesho. Sisi tukajua deni la marehemu ni la familia, tukalipa miezi minne, na mwezi wa tano tukauza ile mashine yenyewe, mashine ambayo wanawe walikuwa wanaitegemea. Siku shemeji anapanga nguo zake akakuta kwenye mfuko wa koti karatasi imekunjwa mara nne, imechakaa kwenye mikunjo, cheti cha bima ya mkopo. Bima ya kifo.

Tulipeleka cheti cha kifo cha RITA, ripoti ya polisi, kadi yake, ikachukua muda na safari nyingi lakini kampuni ililipa deni likafutwa na ile miezi tuliyolipa baada ya kifo tukarudishiwa. Mashine haikurudi. Kwa hiyo mimi sisemi bima ni mbaya, iliokoa nyumba ya kaka yangu. Ninachosema ni kwamba kuuziwa bima bila kuelezwa ni hasara ya pande zote, mama Kulwa alidhani inalipa isicholipa na sisi hatukujua inalipa inacholipa. Mama, ukipata hicho cheti mwonyeshe Kulwa kilipo, tafadhali.

Masanja_wa_Igoma
@Mwana_Sengerema pole sana ndugu yangu. Hilo ni la kweli na kule ofisini hakuna aliyekuwa anapiga simu kuuliza marehemu alikuwa na bima au la.

Niongeze njia ya kufuata. Anza benki kwa maandishi, nakala mbili, ya kwako igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe, usikubali "tumekuelewa mama, tutakupigia". Wakikaa kimya au jibu lisipokuridhisha, mambo ya benki kukuficha makato au kukupa maelezo ya uongo peleka dawati la malalamiko BoT, yaani Benki Kuu, tawi lao lipo hapa hapa Mwanza. Mambo ya bima yenyewe ni TIRA, mamlaka inayosimamia bima, nao wana ofisi ya kanda ya ziwa hapa hapa, na kuna Msuluhishi wa Migogoro ya Bima aliyewekwa kwa Sheria ya Bima ya 2009, hahitaji uwe na wakili. Lakini kote watakuuliza kwanza barua yako ya benki iko wapi.

MamaKulwa_Mwaloni
Jamani nimerudi, asanteni sana, Mungu awabariki. @Mwana_Sengerema nimelia nilivyosoma, pole sana kaka.

Kulwa aliniandikia barua kwenye daftari nikaipiga chapa stesheneri pale Makoroboi, nikaenda Jumatano. Yule wa kaunta akasema acha tu hapa mama, nikamwambia hapana nasubiri muhuri, nikakaa kwenye benchi dakika arobaini hivi mpaka msaidizi wa meneja akatoka. Nikamuuliza swali moja kama mlivyonifundisha, polisi ya kwanza ilifutwa lini. Akaangalia kwenye kompyuta muda mrefu, akamwita mwenzake, wakaangalia wote. Haikufutwa. Miezi yote hii nimekuwa na bima mbili na mkopo mmoja.

Vyeti vyote viwili wamenichapia, ni kweli vinasema kifo na ulemavu wa kudumu, na kwenye masharti kipo kifungu cha kurudisha sehemu ya ada mkopo ukiisha mapema kwa kuomba kwa maandishi. Kwa kuomba, na mimi ningeombaje kitu nisichokijua. Wamesema wanawaandikia watu wa bima na nitapewa hesabu, nikawaambia nataka niione hesabu yenyewe imeandikwa sio namba tu. Kuhusu maneno ya yule afisa hawajajibu, wamesema alishahamishwa, nami nimewaambia barua nimewaandikia ninyi, sikumwandikia yeye.

Nakala yenye muhuri nimeiweka kwenye kopo la chuma na vile vyeti, na Kulwa anajua kopo liko wapi. Ijumaa ijayo narudi kuuliza.