UDSM au UDOM kwa Computer Science? Naombeni ushauri

Wakubwa shikamooni, wengine mambo vipi. Nimechaguliwa vyuo viwili, UDSM (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam) na UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma), kozi ileile ya Computer Science, sasa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) wanataka nikonfemu kimoja na siku zinakimbia kichwa kimegoma kabisa.

Dar najua ndo kwenye makampuni, mabenki na mitandao ya simu, na CoICT (ndaki ya kompyuta ya UDSM) iko pale Kijitonyama kwa hiyo hata kutafuta fildi (mafunzo kwa vitendo) au kibarua cha kutengeneza websaiti naona ni rahisi. Ila sina ndugu Dar, nikikosa hosteli ndo nipange geto, na kodi ya Dar wenyewe mnaijua. Dodoma nina mjomba maeneo ya Nkuhungu, wizara zote zimehamia kule, na CIVE (ndaki ya kompyuta ya UDOM) nasikia hosteli zipo za kutosha. Boom (hela ya mkopo wa serikali) bado sijajua kama nitapata (naomba Mungu).

Nimeuliza madogo wawili waliosoma, kila mmoja anavutia kwake.

Waliosoma CIVE, fildi mlipata hukohuko Dodoma au mlilazimika kushuka Dar? Na bila boom, Dar mtu anatoboa kweli mwaka wa kwanza?