Kusitisha jarida la fasihi kwa muda ili mhariri apone: niwaambie nini waandishi na waliolipia?

Mwalimu wa Uyole (Mbeya)

Salaam kwenu nyote. Kwa miaka saba nimekuwa mhariri wa jarida dogo la hadithi fupi na mashairi linalotoka mara nne kwa mwaka hapa Mbeya, nakala 300 kwa kila toleo. Ukiondoa kijana mmoja anayenisaidia kusanifu kurasa, kazi zote zimo mikononi mwangu: kusoma miswada, kuhesabu mizani (silabi) za mashairi, kusoma prufu (kurasa za majaribio kabla ya kuchapa), kumfuatilia mchapaji, kisha kufunga vifurushi na kuvipeleka kwenye mabasi ya Njombe, Iringa na Songea. Mchana nafundisha sekondari, kwa hiyo jarida nimekuwa nikilishika kuanzia saa tatu usiku, nikishamaliza kusahihisha madaftari ya wanafunzi, na mara nyingi naliweka chini saa nane.

Mwezi Mei nilianguka darasani. Nilipopimwa hospitalini presha ilikuwa 178 kwa 112, na siku mbili baadaye ilikuwa bado haijashuka vya kuridhisha. Daktari alinianzishia dawa, akaniuliza usiku nalala kwa muda gani, nami nikamjibu ukweli. Akanieleza kwamba dawa peke yake haitanifikisha mbali iwapo nitaendelea kuishi hivyo.

Nimekwisha kuamua kulisitisha jarida. Kinachonishinda ni namna ya kulisitisha bila kumdhulumu mtu. Ninayo miswada 46 ambayo sijaijibu, mingine ilifika Januari. Wasomaji 58 wamelipia matoleo manne na wamepokea mawili. Toleo la Septemba limefika nusu, na nafsi inanisuta kwamba ningelimaliza kwanza ndipo nipumzike. Pia sijui kama inafaa kuwaeleza wasomaji habari za maradhi yangu, au niseme tu kwamba kuna sababu zisizozuilika. Na nakiri kwamba naogopa, kwa sababu majarida mengi niliyoyaona yakisimama hayakusimama tena kwa miguu yake. Nitashukuru kwa ushauri wa yeyote aliyewahi kupita njia hii.

Mzee wa Gangilonga (Iringa)

Pole sana, binti yangu. Nianze na hilo toleo la Septemba, kwa kuwa ndilo lenye hatari: usilimalize. Miaka ishirini iliyopita nilikuwa na jarida la kikundi chetu cha waandishi hapa Iringa, nami nilipoanza kuugua nilijiahidi toleo moja la mwisho, kisha likawa mawili, kwa sababu kila toleo linalotoka huja na barua mpya, miswada mipya na watu wapya wanaokutegemea. Nililala kitandani wiki sita. Jarida likafa bila hata tangazo, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo, kwa kuwa kuna mwandishi mmoja wa Mafinga niliyekutana naye miaka mitatu baadaye akaniuliza kwa upole kama hadithi yake tuliipenda. Sikuwa na jibu. Hata muswada wenyewe sikujua uko wapi.

Ugonjwa wangu waandishi wangeuelewa. Walichoshindwa kuuelewa ni ukimya.

Kuhusu hofu yako ya kwamba jarida likisimama ndiyo basi, kumbuka lile la *Transition*. Rajat Neogy alilianzisha Kampala mwaka 1961, akakamatwa na serikali mwaka 1968, likahamia Ghana mwaka 1971, baadaye uhariri ukashikwa na Wole Soyinka, mwandishi wa Nigeria, likakoma mwaka 1976, kisha likafufuliwa Marekani mwaka 1991. Miaka kumi na mitano kimya! Sisemi kwamba jarida la Uyole lina nguvu za namna hiyo, ila ninachokiona katika historia ile ni kwamba jarida lilipata mikono mingine ya kulipokea kila mkono wa kwanza uliposhindwa. Lako halina mkono wa pili. Tumia muda wa mapumziko kuutafuta, na usirudi kabla hujaupata.

Mshairi wa Milimani (Njombe)

Shikamoo mwalimu. Mimi ni mmoja wa hao 46. Shairi langu la beti kumi na mbili nililituma mwezi Februari, na kila wiki nimekuwa nikijizuia kuandika barua ya kuliulizia.

Naomba nikueleze jambo ambalo mhariri huenda halioni akiwa upande wake wa meza. Muswada ulio kwako nimeufunga: siwezi kuupeleka gazetini, siwezi kuuingiza katika shindano, hata kuusoma hadharani nahisi ni kuvunja ahadi. Ukinijibu leo kwamba umesitisha jarida na kwamba niko huru kulipeleka shairi kwingine, hutakuwa umeninyima kitu, utakuwa umenirudishia mali yangu. Usijilazimishe kuusoma kila muswada ili umwandikie kila mtu maoni. Barua moja inayofanana kwa wote, yenye jina la mwandishi na jina la kazi yake, inatosha kabisa. Najua hutaridhika nayo, maana mwaka juzi ulinirudishia shairi kwa sababu mistari miwili ilikuwa na mizani 17 badala ya 16, ukanionyesha kwa kalamu neno lililozidi, na sijawahi kusahau heshima ile. Lakini safari hii heshima ni wepesi wa jibu.

Kuhusu kutaja maradhi, maoni yangu ni useme kwamba unapumzika kwa ajili ya afya kwa ushauri wa daktari, uishie hapo. Ukisema sababu zisizozuilika, watu watadhani ni fedha, na waliolipia wataingiwa na wasiwasi.

Muuguzi wa Tukuyu (Rungwe)

Mwalimu, pole. Presha ikifika 140 kwa 90 kwa vipimo vinavyorudiwa tunaihesabu kuwa ya juu, sasa hiyo yako iko mbali na mpaka. Tafadhali usiache dawa siku utakapojisikia vizuri, kwa maana kujisikia vizuri ndiko kunakowarudisha wengi wodini.

Ninataka kuongeza jambo moja kuhusu mapumziko yenyewe. Shirika la Afya Duniani, katika toleo la 11 la orodha yake ya kimataifa ya magonjwa lililopitishwa mwaka 2019, limeueleza uchovu mkubwa wa kazini kuwa hali inayotokana na msongo wa kazi wa muda mrefu usiodhibitiwa, bila kuuita ugonjwa. Wewe una kazi mbili, na unayoisitisha ni moja. Nimewaona wagonjwa wanaoondoa mzigo mmoja, kisha saa zilizobaki wazi wakazijaza na masomo ya ziada, vikao vya harusi na shamba. Kama zile saa za kuanzia saa tatu usiku hazitakuwa za kulala, jarida litakuwa limesimama bure. Na namba ya simu ya jarida umkabidhi mtu mwingine. Isikae chini ya mto wako.

Fundi Chapa (Mwanjelwa, Mbeya)

Namheshimu mzee wa Iringa, ila kuhusu toleo la Septemba natofautiana naye kidogo. Kama kurasa zilizokwisha kusanifiwa na kusomwa prufu zinafika 32, huyo kijana wa kurasa anaweza kumpelekea mchapaji kama mimi faili lililopo, likatoka toleo jembamba bila mhariri kugusa chochote, na waliolipia wakabakiwa na deni la toleo moja tu. Kama hazifiki, toleo liachwe.

Fedha za waliolipia zitengwe leo, zisiingie katika matumizi ya nyumbani wala ya dawa. Andika jina la kila mmoja na kiasi anachodai, umpe nafasi ya kuchagua kati ya kurudishiwa kwa simu au kusubiri. Kwa uzoefu wangu wengi husubiri, lakini ni lazima waulizwe. Kama ulilipa malipo ya awali kwa mchapaji, yadai kwa maandishi, maana bei ya karatasi hupanda. Na kwa kuwa Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 inataka machapisho ya aina hiyo yawe na leseni, angalia yako inaisha lini ili usije ukarudi ukakuta imekwisha.

Mwalimu wa Uyole (Mbeya)

Nawashukuru sana. Nimeyasoma yote mara mbili, na mara ya pili nilimsomea mume wangu, ambaye alinyamaza kwa muda mrefu kisha akasema kwamba kwa miaka saba hakuwahi kuniuliza kwa sababu alidhani sitaki kuulizwa.

Kurasa zilizo tayari ni 20, hazifiki 32, kwa hiyo toleo la Septemba halitatoka. Tangazo nimeliandika hivi: “Jarida linapumzika kuanzia Julai hadi mwisho wa Juni mwakani, kwa sababu ya afya ya mhariri na kwa ushauri wa daktari. Waandishi wote wenye miswada kwetu wako huru kuipeleka kwingine tangu leo. Waliolipia watapigiwa simu mmoja mmoja. Mwezi Mei tutatangaza kama tunarudi, na tutarudi iwapo tu tutakuwa wahariri watatu.” Hilo la wahariri watatu nimelichukua kwa mzee, na nimeliweka hadharani ili nisije nikalikwepa.

Kijana wa kurasa amekubali kukaa na simu na kuwapigia wale 58. Barua za waandishi nimezianza jana alasiri, siyo usiku, na ya kwanza imekwenda Njombe. Nimeongeza mstari mmoja chini yake, muuguzi anisamehe: ubeti wa saba, kituo chake (mstari wa mwisho) ni kizuri, usikibadilishe.