Mkataba wa frem unaisha, mwenye frem ananiambia "usijali" kwa mdomo tu

Wakuu habari zenu. Nina frem ya biashara, mkataba wa miaka 3 umebakiza miezi 5, mwenye frem nikimuuliza anasema usijali tutaendelea ila kuandika hataki, na juzi kagusia kodi itapanda bila kutaja kiasi. Humo ndani nimeweka tailizi, makabati na nimevuta umeme mkubwa, vyote hela yangu. Nikitolewa navibeba au ndo basi?

Jibu 1
Mkuu fungua mkataba leo hii utafute kipengele cha kuongeza muda. Mingi inataka mpangaji atoe taarifa kwa maandishi kabla ya muda fulani, miezi 3 au 6 hivi, ukipita haki yako imekufa hata kama kwenye simu mlielewana vizuri. Mimi nilichelewa wiki mbili tu, nikaanza kujadili kodi upya kama mgeni wakati wateja washanizoea pale, inaniuma mpaka leo. Kama kwako ni 6 ushachelewa ila andika hivyohivyo, nakala mbili, moja akusainie ubaki nayo.

Jibu 2
Kuhusu vitu, kawaida kilichoshikana na jengo kama tailizi na nyaya za ukutani kinahesabika cha jengo, kabati la kufungua skrubu bila kubomoa mara nyingi unaondoka nalo, lakini mkataba ukisema tofauti fuata mkataba. Angalia pia kama umeandikwa uirudishe frem ilivyokuwa, maana hapo tailizi utazibomoa kwa hela yako tena au wakate kwenye dipoziti. Picha za siku ya kwanza unazo?

Jibu 3
Mi ni mwenye frem. Mwambie muandike kodi inapanda asilimia ngapi, kila baada ya muda gani, na kikomo chake. Wangu wote nimewaandikia, frem ikikaa tupu miezi miwili hasara yake inakula hiyo nyongeza yote. Muandike na matengenezo, kwangu paa, kuta na mabomba makubwa ni juu yangu, ya ndani mpangaji. Ukichangishwa ulinzi na usafi omba mchanganuo.

Muuliza swali
Asanteni sana. Nimeuangalia, umeandika miezi 3, barua naiandika usiku huu. Picha sina ila fundi alipiga kabla hajaanza kazi, ntamtafuta kesho.