Jumatatu hadi Jumamosi imani yako unailisha nini? Tupeane uzoefu

Mleta mada
Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Kwetu Machame tulilelewa na sala ya jioni. Baba akishafungia ng'ombe, chemli inawekwa mezani, mmoja anasoma, tunaimba ubeti, tunaomba, ndipo chakula kinapakuliwa. Nilipohamia Dar nikawa mtu wa ibada ya kwanza tu: naingia saa 1, natoka saa 3, Biblia inalala kwenye mkoba hadi wiki ijayo. Siku moja nikaifungua nikakuta kipande cha mtende wa Jumapili ya Mitende kimekauka palepale nilipokibana. Huo ulikuwa mwezi wa nane. Nililia.

Tangu hapo nimechukua zile dakika za kusubiri maji ya chai yachemke. Zaburi moja, kwa sauti, watoto wakivaa sare. Kuna asubuhi nachelewa na gari la shule linapiga honi nje, nasoma mistari miwili tu. Lakini sufuria ikishabandikwa, binti yangu wa pili ananiletea Biblia bila kuambiwa.

Wenzangu mnafanyaje? Naomba yaliyowatokea wenyewe, mahubiri tunayapata kanisani.

mama_jumuiya
Tumsifu Yesu Kristo. Sisi Wakatoliki katikati ya wiki tunashikwa na jumuiya ndogo ndogo. Maaskofu wa Afrika Mashariki walizipa kipaumbele miaka ya 1970, na hadi leo kwetu ni Jumamosi saa 12 asubuhi, nyumba kwa nyumba. Nasema ukweli: nilikuwa naiona ni mahali pa kulipa mchango ili siku ya ubatizo au ndoa nisikwame barua.

Halafu mume wangu akalazwa wiki 3. Kila jioni alikuja mtu wa jumuiya na hotipoti ya uji. Mzee mmoja, hata jina lake nilikuwa silijui, alikaa pembeni ya kitanda wakasali rozari. Mume wangu hakuwa na nguvu ya kushika punje. Yule mzee alimshika kidole akawa anakisogeza, punje hadi punje, mpaka mwisho. Tuliporudi nyumbani, Jumamosi ya kwanza nilijifunga khanga nikatoka kabla hata kengele ya kanisa haijalia.

Busokelo
Wamoravian tuna neno la siku. Desturi hii ilianzia Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1728. Wamisionari wake walifika kwetu Rungwe mwaka 1891. Fungu la Agano la Kale huchotwa kwa kura, kama bahati nasibu, la Agano Jipya huchaguliwa kuendana nalo, na siku hiyo popote ulipo duniani mnasoma lilelile.

Mama yuko kijijini, mimi niko Mbeya mjini. Saa 1 asubuhi napiga simu, yeye anasoma la Kale, mimi la Jipya, tunaagana. Mwaka huu macho yake yamekataa. Sasa namsomea yote mawili, naye anayarudia taratibu neno kwa neno, kisha ananiuliza kama nimekula.

dereva_TDM
Niko foleni Tunduma siku ya tatu, nasikiliza Biblia ya sauti kwenye simu. Kusikiliza kwangu si kazi, muda ninao. Kazi ni mafuta. Wanaojua barabara hii wananielewa: kunyonya dizeli ya tajiri na kuuza njiani. Nilisali miaka mingi huku nanyonya. Niliacha mwaka 2019. Fedha ya nyumbani ilipungua, mke wangu akahisi nina nyumba nyingine. Ilibidi nimkalishe nimwambie ile ya zamani ilikuwa inatoka wapi. Hiyo ndiyo ilikuwa toba yangu ngumu kuliko zote.

mjukuu wa mlokole, Murang'a
Nyanya yangu aliokoka katika ule uamsho uliotoka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930. Wao walisema kutembea nuruni, yaani kuungama kosa waziwazi, na hawakungoja Jumapili. Nikiwa mdogo nilimwona akitoka usiku na taa kwenda kwa kibarua wake kumwomba msamaha kwa sababu alimpimia maharagwe pungufu. Mkononi alibeba kile kikombe cha maharagwe kilichopungua. Mimi na mke wangu tunajaribu: hatuzimi taa kabla ya kuulizana, "Kuna kitu?" Kuna usiku taa inawaka mpaka saa nane.

niko Muscat
Huku ibada kubwa ni Ijumaa, maana ndiyo mapumziko. Mimi ni mfanyakazi wa ndani na siku ya kutoka sina uhakika nayo. Mwezi mzima unaweza kupita. Kanisa langu ni chumba cha kufulia. Mashine ikizunguka naimba kwa sauti ya chini nyimbo za kwaya yetu ya nyumbani, sauti ya pili, kama vile wengine wako pembeni yangu. Mniombee.

msomaji tu
Naona aibu kuandika. Januari tatu mfululizo nimeanza kusoma Biblia nzima kwa mwaka. Ni sura 1,189, yaani tatu au nne kwa siku. Kila mara nakwama Mambo ya Walawi, naacha, najiona sifai hata kuomba.

Mleta mada
@niko Muscat, dada, jina lako nimelibandika kwenye friji. Watoto wanakuombea leo.

@msomaji tu, ndugu yangu, weka ratiba chini kwanza. Marko ina sura 16, nenda nayo hata kwa mistari mitano. Na kuomba usiache kwa sababu ya Walawi. Kesho nabandika maji saa 11 na nusu alfajiri, nasoma Zaburi ya 46. Ukiamka, isome nawe.