Mashine ya matangi mawili inafua vizuri ila upande wa kukamua hauzunguki, naombeni msaada

mama_mapacha, Ntinda
Habari zenu ndugu zangu. Mashine yangu ni ile ya matangi mawili, ya kilo 7, niliinunua mkononi kwa mtu miaka mitatu iliyopita na haijawahi kunisumbua mpaka jumamosi hii. Upande wa kufua uko sawa kabisa, ila nikihamisha nguo upande wa kukamua, nikafunga kifuniko nikazungusha saa yake ya kupanga dakika, inanguruma tu mmmm na haiendi popote, na ile mara ya tatu nikasikia harufu kama kitu kinaungua nikazima haraka. Fundi wa hapa mtaani amekuja, kasikiliza kidogo tu, hata skrubu moja hajafungua, kasema mota imekufa nitafute shilingi 180,000 za Uganda, mota pamoja na kazi yake. Sasa watoto wanarudi bodingi jumatatu, yunifomu ziko kwenye beseni zinadondosha maji, mvua nayo ya kila mchana kwa hiyo kamba haisaidii. Kabla sijatoa hiyo pesa mwenye kuijua hii kitu aniambie, kweli ni mota?

okello_jinja
Pole sana mama. Usitoe pesa bado. Kama inanguruma maana yake umeme unafika kwenye mota, ingekuwa kimya kabisa ningekwambia angalia swichi ya kifuniko au ile saa. Mimi yangu ilifanya hivyo hivyo ikawa ni kapasita. Hizi mota za umeme wa fezi moja haziwezi kuanza zenyewe, kapasita ndiyo inazipa msukumo wa kwanza, ikichoka mota inabaki inanguruma. Yangu ilikuwa imevimba tumboni kama mkebe wa maziwa ulioharibika, nikaenda nayo dukani mkononi wakanipa inayofanana, shilingi 15,000, mpaka leo inakamua.

musa_arua
Na umeme wenyewe uangalieni, huku kwetu jioni watu wote wakiwasha unashuka mpaka balbu zinakuwa nyekundu na mashine ya jirani haikamui kabisa, asubuhi inakamua vizuri. Jaribu muda mwingine.

fundi_wa_bombo
Mama mapacha kwanza usiiwashe tena, ile harufu ni waya za mota zinapata moto kwa sababu inapewa umeme na haizunguki, ukiiacha inanguruma ndiyo utaiua kweli hiyo mota na hapo 180,000 itakuwa ya lazima.

Okello amesema kweli kuhusu kapasita ila kuna jambo moja la kufanya kabla ya kununua chochote, nalo halina gharama. Chomoa waya ukutani. Geuza mashine, fungua bamba la plastiki la nyuma. Upande wa kukamua utaona mota iko chini, juu yake kuna kisahani cha breki na mkono wenye kipande cha raba unaokibana kile kisahani, na waya mwembamba wa chuma unapanda mpaka kwenye kifuniko. Ukifunua kifuniko breki inabana ili tangi lisimame usikatwe mkono, ukifunga, ule waya unavuta breki inaachia. Sasa mwambie mtoto afunge kifuniko, wewe zungusha kile kisahani kwa mkono. Kikizunguka chepesi, breki ni nzima, nenda kwenye kapasita. Kikiwa kigumu, breki haijaachia au kuna kitu kimenasa chini ya tangi, na hapo hata ukinunua kapasita 10 haitazunguka.

Kapasita usiishike miguu yake kwa vidole hata kama umechomoa, inaweza kuwa bado ina umeme ndani. Mimi huwa nagusisha miguu yake na waya mbili za balbu ya kawaida ya zamani, ile ya 240V, umeme unaishia humo. Na ukinunua nyingine soma maandishi ya ile ya zamani, namba ya mikrofaradi (µF), yaani ukubwa wa kapasita, iwe ile ile na volti zisipungue. Nyingi zina waya tatu kwa sababu ni mbili ndani ya boksi moja, ya kufua na ya kukamua, kwa hiyo piga picha kabla hujakata.

mama_mapacha, Ntinda
Asante fundi, Mungu akubariki. Nimefungua na kijana wangu mkubwa. Kisahani ni kigumu hata kifuniko kikiwa kimefungwa! Tumemulika kwa simu, ule waya wa breki una kutu na umelegea, unavutika kidogo tu, raba haiachii kabisa. Halafu tulipotoa kile kifuniko kidogo cha ndani cha tangi tukaona kitambaa, tukavuta polepole kikatoka soksi ya mtoto, imejiviringisha kule chini karibu na mhimili imekuwa nyeusi. Nilishaitafuta hiyo soksi tangu pasaka. Huo waya nauacha hivyo au nafanyaje?

fundi_wa_bombo
Basi umeshapata. Kule juu waya unapofungwa kwenye mkono wa kifuniko kuna tundu zaidi ya moja au skrubu, uvute ukaze mpaka ukifunga kifuniko raba inaachana na kisahani, kiasi cha kupitisha karatasi nene, na ukifunua ibane mara moja. Hilo la kubana usilipuuze, una watoto. Mafuta ya cherehani tone moja kwenye waya tu, raba na kisahani visiguswe na mafuta kabisa breki itateleza.

mama_mapacha, Ntinda
INAZUNGUKA!! Ilianza na kelele kidogo halafu ikatulia, yunifomu zote zimekamuliwa, nikifunua inasimama hapo hapo. Nimetumia tone la mafuta tu. Mashati ya madoa ya matoke bado, hayo nayaloweka tena usiku.

okello_jinja
Safi sana mama. Na ile mipira ya maji tazama kama inadondosha kwenye mota, hiyo kutu ya waya imetoka mahali.

mama_mapacha, Ntinda
Nimepapasa chini, pakavu. Nitaangalia tena kesho nikifua mashuka.