Miguu ya keria inakatika pembeni ya weldi, nifanyeje?

Ngamiani_Kati: Wakuu, salaam. Keria (fremu ya mizigo juu ya paa) ya Hiace inayobeba machungwa kutoka Muheza hadi Tanga mjini imekatika miguu ya nyuma kwa mara nyingine. Weldi yenyewe nzima, ufa uko pembeni yake, kwenye bomba. Bomba ni la mraba, inchi moja, unene 1.5 mm. Mguu ni flatibaa (chuma bapa) ya 6 mm. Fundi anataka kurundika weldi juu ya ile ya zamani. Nimkubalie?

Mshono: Usikubali kabisa. Huo ni uchovu wa chuma, yaani chuma kupasuka kwa kupindwapindwa mara nyingi. Flatibaa ya 6 haipindi, bomba la 1.5 linapinda, basi mtikisiko wote wa barabara unaishia pale vinapokutana. Weldi ya juu kwa juu itazidi kuliunguza na kulila bomba, na ufa wa chini unabaki palepale.

Kata kipande chote chenye ufa, weka bomba jipya. Kati ya bomba na mguu weka sahani ya chuma ya 3 mm, urefu sm 10 hivi, pembe zake ziviringwe kwa grainda. Choma kingo mbili za urefu tu, zinazofuata bomba. Mshono unaokatisha bomba ndio unaozaa ufa, uache. Elektrodi E6013 ya 2 mm, ampea 45 hadi 60, moto uelekee kwenye sahani.

Raskazone77: Nyongeza: kama bomba limepakwa zinki, saga hadi chuma king'ae, sm 2 au 3 kila upande, la sivyo mshono unajaa vitundu. Moshi wake usiuvute. Na kwa upepo huu wa chumvi, ziba ncha za bomba, toboa kitundu cha 5 mm upande wa chini maji yatoke. Paka redioksaidi (rangi ya kuzuia kutu) siku hiyohiyo, usingoje kesho.

Ngamiani_Kati: Shukrani. Je, yubolti (bolti ya umbo la U) badala ya kuchomelea?

Mshono: Inafaa, tena bora, ila bomba la 1.5 litabonyea ukikaza. Chomeka kipande cha chuma ndani kwanza. Tumia M8 (bolti ya 8 mm), washa pana, nati za nailoni, kisha kaza tena baada ya kilomita 100. Mguu mmoja ukilegea, mingine ndiyo inayobeba. Kama ni minne, ongeza iwe sita.

Raskazone77: Na keria ishushwe kabla ya kuchomelea, cheche zinakula rangi na vioo. Ikishindikana, chomoa waya hasi wa betri, na kibano cha athi cha mashine ya kuchomelea kikae jirani na mshono. Uzito wa mwisho wa paa uko kwenye kitabu cha gari, keria yenyewe ikihesabiwa humo.